Masika Betri Ilipokataa Chaji

Jumamosi, 5 Aprili

Leo ilikuwa siku ya kumfuata mke wangu Muheza. Sikufika. Nimeishia Mwera, pikipiki imezimika chini yangu kama mtu aliyelala katikati ya maneno yake.

Naandika kwa kuwa nyumba iko kimya na hakuna wa kumsimulia. Mwatumu alikwenda Muheza mwezi wa pili, binti yetu Nasma alipojifungua. Ndivyo ilivyo kwetu, mama humkalia mzazi mpaka arobaini. Arobaini imekwisha kabla ya Iddi. Nikampigia simu: "Usihangaike na basi, Mama Nasma. Nakuja kukuchukua mwenyewe na chombo changu. Watu wa Muheza watasimama barabarani." Akasema, "Haya, tutaona."

Na chombo kilikuwa tayari. Mwezi mzima wa Ramadhani nilikuwa nimekivua, nati kwa nati, nikakipaka rangi ya bluu, ile inayopakwa ngalawa, nikakifunga upya bila msaada wa mtu. Ni pikipiki ya Kijapani, nimeinunua kabla sijaoa. Pwani nzima kutoka Sadani mpaka Moa hakuna mfano wake. Mzungu mmoja hapa Ushongo aliipiga picha mpaka machozi yakamtoka. Akataka tubadilishane na gari lake. Nikamwambia, ongeza na nyumba.

Lakini leo, karibu na Mwera, honi ikaanza kulia kama mbuzi mwenye mafua. Taa ya mbele ikawa nyekundu kama ncha ya sigara. Halafu kimya. Nimeisukuma mpaka nyumbani. Walioniuliza njiani nimewaambia najaribu breki.

Nikampigia Mwatumu, nikamwambia mvua imekata barabara. Akasema, "Pole, Baba Nasma. Na huku leo..." Lakini nilikuwa sijamaliza kumweleza maji yalivyofika kiunoni, nikaendelea. Salio likaisha.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua imeanza. Angalau sasa si uongo.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwishajua tatizo. Ni betri. Mimi huhitaji kupiga honi mara moja tu, najua ugonjwa wote. Nimeipeleka kwa yule mwenye duka la sola aitie chaji kutwa nzima.

Nimepika wali mwingi mno tena. Mkono umezoea kupimia wawili.

Ijumaa, 11 Aprili

Betri ilijaa. Nikawasha, pikipiki ikaunguruma mpaka kuku wa jirani wakapanda juu ya banda. Jirani mwenyewe ni Bimdogo, mama mtu mzima, nimemkuta kijiji hiki na mdomo wake huo huo.

"Shikamoo, Bimdogo."

"Marahaba. Unakwenda kumleta?"

"Leo leo. Chakula cha usiku tunakula hapa, mimi na yeye."

"Ulisema hivyo wiki jana."

Nimefika tena pale pale Mwera, ikazimika. Nusura niamini pana jini. Nimesukuma kurudi nikiwa nimelowa, na Bimdogo alikuwa bado kibarazani. Nikamwambia Mwera pana jini. Hakuuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimetia betri mpya kabisa, kutoka Tanga mjini. Imekaa siku mbili, nayo imekufa.

Barazani kwenye kahawa wameniuliza Mwatumu yuko wapi. Nimewaambia Muheza wamemng'ang'ania, mtoto halali bila yeye, na wakwe wamepiga magoti. Kisha nikawapa ile habari ya mwaka nilipovuka mto Pangani kwa pikipiki maji yakiwa yamekupwa, kaa wameng'ang'ania kwenye cheni, nikafika Bweni na kitoweo. Walicheka. Luqmani hakucheka. Huyu Luqmani ndiye fundi wa pikipiki hapa, na fundi kwa maana ya kuziba pancha. Akasema tu, "Mjomba, betri mbili zote mbovu? Lete tupime."

Nimemwambia mimi nilikuwa nafungua injini yeye akinyonya.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimempigia Mwatumu saa ya alasiri. Nyuma yake nimesikia watu, na kabla hajaniambia haloo nimemsikia anacheka. Kicheko kile chake cha zamani, kinachoanza puani. Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho kukisikia katika nyumba hii. Nimekosa.

Nikamwambia kuhusu betri, kwamba siku hizi betri hazina dawa, wanatia maji ya bahari. Nilimweleza mpaka ujuzi wa kuwinda koili, yaani kuizungushia waya upya. Mwisho akasema, "Sawa, Baba Nasma, mtoto analia."

Sikumsikia mtoto analia.

Ijumaa, 2 Mei

Leo nimefungua kava la upande kutazama koili ya magineti, ile inayozaa umeme injini ikizunguka. Nimeinusa. Nimeona imeungua, harufu yake nimeijua. Nikaiosha kwa petroli, nikaifunga. Hakuna kilichobadilika.

Mvua imeingia jikoni upande wa makuti. Sufuria nimeziweka chini ya matone, kila moja ina sauti yake. Kwa dakika kadhaa nyumba ilikuwa kama ina watu.

Jumamosi, 10 Mei

Nasma kapiga.

"Baba, shikamoo. Mbona huji? Mabasi si yapo?"

"Mama yako nilimwahidi pikipiki."

"Mama hajali pikipiki, Baba."

"Wewe mtoto hujui. Mimi mama yako nilimuoa kwa pikipiki."

"Baba, mama akirudi huko, siku nzima atakuwa anafanya nini?"

"Atakaa kwake."

"Na wewe?"

"Na mimi nitakaa."

Akasema haya. Baada ya kukata nimebaki na lile swali mkononi. Swali la ajabu. Mke anafanya nini kwake? Anakaa. Nimezunguka nyumba nikitafuta jibu jingine. Nimekuta kanga yake moja nyuma ya mlango, imeota ukungu wa masika. Nimeifua. Haikauki, jua hakuna.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeipeleka kwa Luqmani. Si kwamba nimeshindwa. Nilitaka kumwona anavyofanya.

Banda lake ni mabati manne na benchi. Hakusema "nilikwambia." Alitoa mita yake, kioo kimepasuka pembeni, akaibana kwenye betri.

"Washa, Mjomba."

Nikawasha. Mita inasoma volti kumi na mbili na nusu.

"Vuta mafuta."

Nikavuta, injini ikapiga kelele. Tarakimu badala ya kupanda zikashuka.

"Umeona? Ingekuwa inakula ingefika kumi na nne. Betri yako haina ugonjwa. Inaliwa, hailishwi."

"Basi koili. Nilisema koili tangu mwanzo."

"Ulisema betri."

"Nilisema betri, kisha koili."

"Ulisema na jini."

Nani kampelekea habari ya jini? Bimdogo tu.

Akazichomoa zile nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye koili, akazipima mbili mbili, mimi nashika mafuta. Kila mbili zinasoma sawasawa na nyingine, na injini ikipanda nazo zinapanda. Akazigusisha na bodi kuona kama umeme unavujia huko. Hauvuji.

"Koili yako ina afya kunishinda mimi," akasema. "Umeme unazaliwa. Unapotelea njiani."

Akaja kwenye rektifaya, kile kijaluba cha alumini chenye mapezi kama samaki. Kazi yake ni kuugeuza umeme wa koili uwe wa kuingia betri, na kuuzuia usizidi. Nikasema hicho ndicho kimekufa, namjua mtu kule Nguvumali, Tanga mjini, anavyo gunia zima. Luqmani akavua cha pikipiki nyingine iliyokuwa nzima, akakifunga kwenye yangu pale pale. Tukapima. Kumi na mbili, na inashuka.

"Viwili haviwezi kufa kwa pamoja," akasema, akakirudisha changu, akanawa mikono. "Niachie. Kesho."

Nimerudi kwa miguu. Nilidhani fundi ni mtu anayejua jibu. Huyu anajua tu ambacho si jibu, na hana haraka.

Ijumaa, 16 Mei

Baada ya swala nimemkuta Luqmani ameinama pembeni ya pikipiki, hajala. Kwake nako hakuna mtu, sikuwahi kulifikiria. Nilikuwa na muhogo, tukagawana.

"Mjomba, nikuulize bila kugombana."

"Uliza."

"Rangi hii ulipaka kabla ya kufunga vitu au baada?"

"Kabla! Unanichukuliaje? Nimefanya kazi na waundaji wa ngalawa mimi. Kila mahali panapokutana panakula rangi kwanza, mikono miwili, mitatu, ndipo unafunga. Mdudu asipate mlango. Hata nyayo za bolti nimepaka. Hata matundu yake."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayesikiliza msiba wa mbali. Kisha akachukua ncha moja ya mita akaigusisha kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye mwili wa ile rektifaya. "Vuta mafuta. Hapa tunataka sifuri." Ilisoma karibu mbili.

"Sasa tazama. Hiki kifaa cha zamani hakina waya wake wa ethi, ule wa kurudishia umeme. Mwili wake ndio ethi. Kinagusa chesisi, chesisi inagusa betri, umeme unazunguka. Wewe umekivisha koti la mpira. Umeme unatoka, haupati pa kurudia."

"Kwenye ngalawa..."

"Ngalawa haina umeme, Mjomba."

Nikacheka. Nilitaka kukasirika, kikatoka kicheko. Akafungua bolti mbili, akachukua kisu, akaanza kukwangua ile bluu yangu. Niliumia kila alipokwaruza, rangi ile niliipaka nikiwa na saumu. Chuma kikatoka cheupe, kinang'aa. Akakwangua na pale waya wa hasi unapokaa, akapaka grisi kidogo, akakaza.

Nikawasha, nikavuta. Kumi na tatu. Kumi na tatu na nusu. Kumi na nne. Ikakaa hapo. Taa ya mbele ikawa nyeupe, ikapiga ukuta wa msikiti mchana huo na mawingu yake, Luqmani akajikinga macho.

"Imepona," akasema. "Sasa wewe."

"Mimi kesho asubuhi na mapema."

Jumamosi, 17 Mei

Mvua. Sikwenda.

Jumapili, 18 Mei

Mvua.

Jumatano, 21 Mei

Mvua kidogo, asubuhi tu.

Ijumaa, 23 Mei

Leo hakuna mvua. Nimeosha pikipiki. Nimetia oili. Nimekaza cheni ambayo haikulegea. Nimeizungusha mpaka Mwera, nimefika pale inapozimikia, haikuzimika. Nikageuza.

Jumatatu, 26 Mei

Barazani nimewaeleza kazi niliyoifanya kwenye ile rektifaya. Katika kueleza nikajikuta kisu kimekuwa changu na mita imekuwa yangu. Luqmani alikuwepo, anakunywa kahawa yake. Hakunikanusha. Alinitazama kama alivyokuwa akiitazama mita inaposhuka.

Mmoja akasema, "Basi shemeji tunamwona lini?"

Nikasema Iddi kubwa haifiki, atakuwa hapa.

Usiku huu nimelala naandika hili, na niliandike lilivyo kwa kuwa humu hakuna baraza. Pikipiki ilipokuwa mbovu, mimi nilikuwa mwanamume anayetaka kwenda kumchukua mkewe. Sasa ni nzima na nimekaa. Kile kicheko nilichosikia kwenye simu bado nakisikia. Naogopa kufika pale na taa yangu nyeupe, nimwambie panda, na yeye asimame tu.

Alhamisi, 29 Mei

Bimdogo kaniletea bakuli la mchuzi wa ngisi.

"Sadalla mwanangu, hiyo pikipiki unaiwasha kila asubuhi unaizima. Inaniamshia wajukuu. Ama uende, ama uiuze."

Jumamosi, 31 Mei

Nimekwenda.

Nimevuka kivuko nikiwa wa kwanza. Barabara ya Muheza ina tope lakini pikipiki imepiga bila kukohoa. Hakuna aliyesimama barabarani kunitazama. Sokoni walikuwa wanapakia machungwa, mtu mmoja akanipigia kelele nisogee.

Nimemkuta Mwatumu uani kwa Nasma, amechutama kati ya miche ya michungwa, viroba vyeusi safu kwa safu, mikono ina udongo mpaka viwikoni. Pembeni yake jirani yao, mama mmoja aitwaye Lea. Mwatumu alikuwa na wembe, anakata kijiti cha mchungwa, anakichomeka kwenye mche wa mlimao, anakifunga nailoni. Anabebesha. Mke wangu! Sikujua anajua. Hakuwa anajua, Lea kamfundisha.

"Umefika," akasema. Akainuka taratibu, ameshika goti.

Nikaonyesha pikipiki. "Unaionaje?"

"Ya bluu," akasema. "Imependeza."

Nilipewa mjukuu, Mutasim, mzito kama furushi la chumvi. Nikapewa ugali na kisamvu cha nazi. Nasma akamchukua mtoto akaingia ndani, na Lea akaaga, nikajua wameambiana. Nikaanza habari ya safari. Tope, na mto pale daraja dogo, na jinsi chui alivyokatiza mbele yangu, nikammulika na taa akasimama kama amepigwa picha.

"Baba Nasma, nina jambo."

"Ngoja nimalize. Yule chui..."

"Jambo lenyewe ndilo hilo."

Nikamwacha chui pale pale aliposimama.

"Sirudi," akasema. "Sijakuacha, usiende kuwaambia watu nimekuacha. Lakini sirudi. Kule nasikiliza. Asubuhi nasikiliza, usiku nasikiliza. Tangu Nasma aolewe niko mimi na habari zako. Huku nikifungua mdomo kuna mtu anageuka kunitazama. Simu zote hizi ulizonipigia, masika yote haya, umeniambia habari za betri. Hata siku moja hukuniuliza nimeshindaje."

Nilitafuta neno. Ninayo mengi, watu wote wanajua. Nilichokipata ni kimoja.

"Umeshindaje?"

Akacheka, lakini si kile cha puani. "Unauliza kwa kuwa nimekwambia."

"Ndiyo. Nijibu hivyo hivyo."

Alinitazama sana. Halafu akakaa kwenye kigoda, akachukua mche mmoja, akaanza kusema huku anafunga nailoni. Mara ya kwanza nikataka kumkatiza, kwa sababu alisema mchungwa unabebeshwa juu ya mlimao mkali, na mimi namjua mtu Magoroto aliyebebesha embe juu ya mkorosho. Nikaubana ulimi kwa meno. Mara ya pili pia. Baadaye sikuhesabu tena, nikawa nasikiliza tu. Kazi ngumu kama kusukuma kutoka Mwera.

Ilipofika alasiri nikasema niende, nisikose kivuko. Sikumwambia panda. Alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki.

"Ukitaka kuja, njoo," akasema. "Ila uje hivi hivi."

"Ijumaa?"

"Ijumaa nitakuwepo."

Jumapili, 1 Juni

Barazani wameuliza Muheza kulikoni. Nimesema Mwatumu mzima, anabebesha miche, hatarudi kwa sasa. Wakangoja niendelee. Nilikuwa sina zaidi. Luqmani akanisogezea kikombe.

Nyumbani nimekaa mlangoni. Kanga imekauka, nimeikunja. Jana alinieleza mambo mengi na naogopa yatanitoka kabla ya Ijumaa, kichwa hiki kimezoea kuhifadhi ya kwangu tu. Goti linamuuma akishuka, akipanda haliumi. Mutasim halali ila alazwe ubavu wa kushoto. Miche mia moja ya kwanza ilikufa karibu yote, alikata kijiti kikiwa na majani. Alilia, Lea akamwambia yake ya kwanza ilikufa vilevile. Sasa inashika zaidi ya nusu. Anataka shamba dogo, si la kuuza, la kutazama likichanua. Harufu ya maua ya mchungwa asubuhi inamfanya akae tu mlangoni kabla ya watu kuamka. Alipokuwa msichana alitaka kusoma afike mbele, baba yake akakataa, na hajawahi kuniambia kwa kuwa kila alipotaka kuanza mimi nilikuwa katikati ya habari.

Hayo ndiyo aliyosema. Sijaongeza kitu.